Tuzo ya Ismail: Dogo wa Mbao, vijana wa Mwadui na viwanja visivyo na machela

JIONI ikiingia Kahama, ukishika njia ya kuelekea Buzwagi, hukosi kuona mpira. Magoli ni ya miti, mstari wa pembeni umechorwa kwa jivu au haujachorwa kabisa, vumbi limepanda mpaka refa anapuliza kwa kubahatisha. Ndani yake kuna dogo mwembamba, jezi imemzidi, anawachambua wakubwa zake kama hana habari na viatu vyao. Kila ndondo ina dogo wa hivyo. Watu wanatoka kazini, wanaegesha bodaboda pembeni, wanasimama kumwangalia yeye.

Nyuma ya uwanja kama huo ndiko ulikokuwa mgodi. Buzwagi ilianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ikafunga kazi mwaka 2021, kisha ukaja mpango wa kuligeuza eneo lile kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, wa viwanda na biashara. Yeyote mwenye kaka au shemeji aliyefanya kazi mle ndani anazijua sheria zake. Huingii bila kofia ngumu na buti. Zamu haianzi mpaka mmekaa kikao cha usalama. Gari la wagonjwa lipo, watu wa uokoaji wapo, na wanafanya mazoezi hata siku ambayo hakuna aliyeumia.

Nje ya uzio, vijana 22 wanarukiana vichwa kwa vichwa dakika 90, na huduma ya kwanza ni ndoo ya maji yenye sponji.

Hapo ndipo jina la Ismail Mrisho Khalfan linapoanza kuwa na uzito. Wengi wanalikumbuka kwa sababu ya video. Wengine wanalikumbuka kwa sababu Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lililiweka kwenye tuzo ya mchezaji bora wa chini ya miaka 20. Lakini kwa mtu wa Shinyanga, Geita na Mwanza, jina hilo lina historia ndefu zaidi ya dakika chache za video, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea huku huku kwenye ukanda wa dhahabu na almasi.

JUMAPILI YA KAITABA

Ilikuwa Desemba 4, 2016. Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Mji ulikuwa bado unauguza majeraha ya tetemeko la Septemba 10 mwaka huo, lile la ukubwa wa 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba za mamia ya familia. Mpira ulikuwa moja ya vitu vilivyokuwa vimerudi kuwa vya kawaida. Kaitaba yenyewe ilikuwa imeshawekewa nyasi bandia, na TFF ikaichagua kuwa kituo kimoja cha ligi ya vijana wa klabu za Ligi Kuu. Kituo kingine kilikuwa Chamazi, Dar es Salaam.

Siku hiyo walikutana majirani. Mbao FC ya Mwanza na Mwadui FC ya Shinyanga, timu mbili za Kanda ya Ziwa ambazo vijana wake wangeweza kabisa kuwa wamesoma shule moja. Ismail alikuwa na miaka 19, straika wa Mbao. Akafunga. Ni goli ambalo straika wa umri ule analisubiri wiki nzima: umesafiri, umelala hoteli na timu, kuna watu jukwaani wanaoandika majina kwenye karatasi, halafu unaipata nafasi na unaitumia.

Muda mfupi baadaye akagongana na mchezaji wa Mwadui. Haukuwa ugomvi, haikuwa rafu ya kulipiza. Ni kugongana kule kunakotokea mara kumi kwenye kila mechi, mpira uko hapa na watu wawili wote wanautaka. Ismail akaanguka na hakuamka. Wenzake walimzunguka, watabibu wakaingia, akatolewa na kukimbizwa hospitali ya mkoa pale Bukoba. Alikuwa ameshafariki dunia.

Video ile ilizunguka dunia nzima. Magazeti ya Ulaya ambayo hayajawahi kuandika neno Mbao yaliandika siku ile, na mengi yaliandika kitu kimoja: kijana wa Kitanzania amefunga goli kisha akafa. Ni kweli, lakini ni kichwa cha habari cha mtu aliye mbali. Hakisemi alikuwa nani, timu yake ilifikaje pale, wala waliobaki uwanjani walibaki na nini.

NANE BILA YA GEITA

Mbao ilifikaje Kaitaba? Ukiuliza swali hili Geita, mtu anaweza kukuangalia vibaya kidogo.

Februari 2016, Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa inaisha. Kundi C lilikuwa la Kanda ya Ziwa na jirani zake, na kiti cha kupanda Ligi Kuu kilikuwa kimoja tu. Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanakimbizana, na hesabu ilikuwa imefika kwenye mabao. Siku ya mwisho Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyo hiyo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Mashabiki wa soka la Bongo wameona mengi, ila mabao 15 katika mechi mbili za siku moja, zote zikiwa na faida ya moja kwa moja kwa wafungaji, hata mtoto wa darasa la nne angeinua kidole.

TFF ikachunguza, ikaadhibu. Timu zote nne zikashushwa. Aliyekuwa nyuma yao kwenye msimamo, Mbao FC, akasukumwa juu. Hivyo ndivyo klabu ambayo jina lake lenyewe linatoka kwenye biashara ya mbao jijini Mwanza ilivyojikuta Ligi Kuu msimu wa 2016/17, bila kupigiwa hesabu na mtu yeyote, pengine hata yenyewe.

Na ligi ile ya vijana ilikuwa ya klabu za Ligi Kuu. Mbao isingepanda, isingekuwa na kikosi Bukoba Desemba ile. Hilo halimfanyi mtu wa Geita kuwa na hatia ya kifo cha Kaitaba, na atakayesema hivyo atakuwa anatafuta ugomvi. Lakini ndivyo mpira ulivyofungamana huku: wakubwa wanapanga yao, na mlango unaofunguka unaingiwa na vijana ambao hawakuwepo kwenye mipango hiyo.

Kwa Ismail mlango ulikuwa umefunguka wakati mzuri. Mbao ya msimu ule ilikuwa timu ya ajabu. Kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, ambaye baadaye angeinoa Taifa Stars, alikuwa na kikosi cha vijana wasio na majina na wasiomwogopa mtu. Aprili 30, 2017 waliitoa Yanga kwa bao 1-0 pale Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, waliifunga tena Yanga 1-0 hapo hapo Kirumba, wakajiokoa kushuka. Yanga ilichukua ubingwa hivyo hivyo, ikiwa na pointi sawa na Simba na kuizidi kwa mabao tu. Wiki moja baadaye Mbao ilikuwa Dodoma kwenye fainali ya FA na Simba, ikaibana mpaka muda wa nyongeza kabla ya kulala 2-1.

Msimu ulipoisha, wakubwa wakaja Mwanza na mikoba. Simba ikamchukua beki Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja. Pius Buswita akaenda Yanga, tena baada ya vuta nikuvute ya kusaini kwa wote wawili. Hawa walikuwa watu waliofanya mazoezi kwenye klabu moja na Ismail. Kwa straika wa miaka 19 aliyekuwa anafunga kwenye timu ya vijana ya Mbao, njia ya kwenda timu ya wakubwa ilikuwa fupi kuliko ilivyowahi kuwa kwa kijana yeyote wa Mwanza. Hakuna anayeweza kusema angefika wapi. Inajulikana tu kwamba njia ilikuwepo, na wenzake waliipita.

TUZO INA JINA LA MTU

Mei 24, 2017, siku tatu kabla ya fainali ile ya Dodoma, TFF iligawa tuzo za Ligi Kuu jijini Dar es Salaam. Mohamed Hussein 'Tshabalala' wa Simba ndiye aliyekuwa mchezaji bora. Aishi Manula kipa bora, Haruna Niyonzima mgeni bora. Kitwana Manara akapewa tuzo ya heshima. Na katikati ya orodha hiyo kulikuwa na kitu kipya: Tuzo ya Ismail Khalfan, kwa mchezaji bora wa chini ya miaka 20.

Tuzo nyingi nchini huitwa kwa jina la kazi. Mfungaji bora ni mfungaji bora, kipa bora ni kipa bora. Kuipa tuzo jina la mtu ni kitu kingine. Na TFF haikuchukua jina la rais wa shirikisho wala la mfadhili, ilichukua la kijana ambaye dunia ilimjua kwa goli moja. Ikumbukwe kwamba wakati huo hata wenye Ballon d'Or walikuwa hawajaanzisha Kopa Trophy yao ya vijana. Ile ilikuja mwaka 2018, ikapewa jina la Raymond Kopa, na wa kwanza kuibeba alikuwa Kylian Mbappé. Kwenye hili Bongo ilitangulia.

Wa kwanza kubeba ile ya Ismail alikuwa Shaban Idd wa Azam FC, aliyewapiku wenzake wa Azam na Simba waliokuwa wamefika naye hatua ya mwisho. Kuna watakaosema ilikuwa tuzo ya Dar kwa watu wa Dar. Sawa, lakini Shaban hakuiabisha. Mwaka uliofuata alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Kagame kwa mabao manane, manne kati ya hayo akiwatwisha Rayon Sports ya Rwanda kwenye mechi moja, na Azam ikatwaa kombe kwa kuifunga Simba 2-1. Halafu akapanda ndege kwenda Tenerife, Hispania. Miaka mitano baadaye alikuwa na jezi ya Simba. Kazi ya straika kijana ilivyo, imepanda na kushuka, lakini ukitaka kujua tuzo ile ilikuwa inamtafuta mtu wa aina gani, mwangalie Shaban wa 2018.

Usiku ule kuna tuzo nyingine iliyogusa Kaitaba bila watu wengi kuliona hilo. Mchezaji chipukizi wa Ligi Kuu alikuwa Mbaraka Yusuph wa Kagera Sugar, na kocha bora alikuwa Mecky Mexime wa Kagera Sugar hao hao, waliomaliza nafasi ya tatu. Uwanja wao wa nyumbani ni Kaitaba. Kwa hiyo msimu mmoja, uwanja mmoja: umetoa chipukizi bora, umetoa kocha bora, na umetoa jina la tuzo kwa njia ambayo hakuna uwanja ungeomba.

Wamarekani nao wana tabia hii ya kutaja watu. Kwenye futiboli yao, ile ya kofia na mabega ya bandia, kuna kazi moja ambayo wengi hawaioni: mpinzani anaupiga mpira mbali angani, mtu mmoja anasimama peke yake huko nyuma kuudaka, na watu 11 wanamjia mbio huku yeye akitakiwa kuurudisha kwa miguu kadiri atakavyoweza. Anayeifanya vizuri kuliko wote kwenye vyuo vikuu hupewa Jet Award. Jina limetoka kwa Johnny Rodgers wa Nebraska, aliyeitwa 'The Jet' kwa kasi yake, mshindi wa Heisman mwaka 1972, na ambaye mbio zake za yadi 72 dhidi ya Oklahoma mwaka 1971 wazee wa kule wanazisimulia mpaka leo kama wazee wa Msimbazi na Jangwani wanavyosimulia mambo yao. Tuzo ilianza kutolewa mwaka 2011, Rodgers akiwa hai, akaweza kusimama na washindi na kupiga nao picha.

Hiyo ndiyo raha ya kutajwa ukiwa hai. Ya Ismail iko upande mwingine, upande wa Marc-Vivien Foé. Mcameroon yule alianguka peke yake, bila kuguswa na mtu, katikati ya uwanja wa Gerland, Lyon, Juni 26, 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28. Ufaransa wakaweka jina lake kwenye tuzo ya Mwafrika bora wa ligi yao, inayotolewa na RFI na France 24. Pierre-Emerick Aubameyang aliipata 2013, kipa Vincent Enyeama akaipata 2014. Kila mwaka ikitangazwa, mtangazaji analazimika kueleza Foé alikuwa nani. Kijana aliyezaliwa baada ya 2003 anaambiwa. Hiyo ndiyo kazi ya tuzo yenye jina la marehemu, na haifanyiki yenyewe. Ukitangaza 'mchezaji bora U-20' bila kulisoma jina, umegawa kikombe tu.

WALE WA MWADUI

Kuna upande wa habari hii ambao haujawahi kupewa nafasi kubwa, nao ni wa Shinyanga.

Mwadui iko wilaya ya Kishapu, kando ya barabara ya kwenda Mwanza. Ni mji uliojengwa juu ya almasi. Mcanada John Williamson aliifungua migodi ile mwaka 1940, na jiwe la waridi lililotoka pale mwaka 1947 alipewa Princess Elizabeth kama zawadi ya harusi, karati 54 na nusu. Timu ni ya mgodi na uwanja ni wa mgodi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio', na mtu yeyote aliyewahi kwenda kucheza pale anajua ile safari inavyochosha.

Vijana wa Mwadui walienda Bukoba kucheza mpira kama wenzao. Mmoja wao aligongana na Ismail. Jina lake halihitajiki hapa wala popote. Ilikuwa ajali ya mchezo, na kwenye zile picha wanaonekana vijana wa timu zote mbili wameduwaa, jezi zimechanganyika, hakuna tena Mbao wala Mwadui. Lakini fikiria safari ya kurudi. Kutoka Bukoba kushuka Muleba, Biharamulo mpaka Shinyanga ni siku nzima ndani ya gari, na wote mle ndani wana umri wa kidato cha nne, cha sita.

Mpira wa Tanzania una utaratibu wa rambirambi. Ubani unachangwa, bendera zinashushwa, dakika moja ya ukimya kabla ya mechi, vitambaa vyeusi mkononi. Hauna utaratibu wa kukaa na kijana wa miaka 18 aliyekuwa karibu kabisa na kifo cha mwenzake na kumwambia, dogo, wewe hukuua mtu. Mgodini, ajali ikitokea, wanaitwa wote waliokuwa kwenye zamu, wanaulizwa walichoona, na anayehitaji msaada anapelekwa kunakostahili. Timu ya vijana ina kocha, meneja na mtu wa vifaa. Kazi hiyo inamwangukia kocha, na kocha naye kaona alichokiona.

MGOGORO NI DAKIKA

Kugongana uwanjani kunaweza kuua kwa njia nyingi. Kichwa kwa kichwa. Shingo. Pigo la kifuani ambalo likitua wakati mbaya linauvuruga moyo wa kijana mzima asiye na ugonjwa wowote. Kwa aliyesimama nje, yote yanaonekana sawa: mtu kaanguka, hajibu.

Na moyo ukishasimama, hesabu ni ya dakika. Kila dakika inayopita bila kuushtua, nafasi ya mtu kupona inapungua kwa kati ya asilimia 7 na 10. Kufika dakika ya kumi, kama hakuna aliyemgusa, mara nyingi mambo yameisha. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka White Hart Lane Machi 17, 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na leo anatembea, kwa sababu watu walianza kumkandamiza kifua pale pale kwenye nyasi na daktari wa moyo aliyekuwa shabiki jukwaani akashuka kusaidia. Christian Eriksen alianguka Copenhagen Juni 12, 2021. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa hatua chache kutoka alipolala. Msimu uliofuata alikuwa anapiga kona Ligi Kuu ya Uingereza.

Ni rahisi kusema hao ni Wazungu na viwanja vyao. Kweli, mashine ni ghali. Ligi Kuu ya Tanzania kanuni zake zinadai gari la wagonjwa uwanjani, na FIFA mwaka 2013 iligawa mabegi ya dharura yenye mashine ya moyo kwa nchi wanachama wote. Lakini tatizo la mchezaji wa Kahama haliko Ligi Kuu. Liko kwenye ndondo, kwenye Umitashumta, kwenye mashindano ya mbunge na diwani, kwenye ligi ya wilaya. Huko ndiko wachezaji wengi walipo, na huko ndiko mtu akizimia uwanjani kunatokea vituko: mmoja anamwagia maji usoni, mwingine anamnyanyua kwa kiuno na kumtikisa, wa tatu anampepea na jezi, na watu 50 wamemzunguka mpaka hewa haipiti. Akionekana hali ni mbaya, anabebwa mshikaki kwenye bodaboda, shingo inacheza kama ya kuku, mpaka hospitali ya manispaa.

Hakuna hata kimoja hapo kinachosaidia, na baadhi kinamaliza kazi ambayo ajali iliianza.

Kinachosaidia hakina gharama kubwa. Watu wote warudi nyuma. Aliyeanguka kwa kugongwa kichwa au shingo asinyanyuliwe ovyo. Angaliwe kama anapumua. Anapumua lakini hajitambui, alazwe ubavu ili asipaliwe, kichwa na shingo vikishikiliwa. Hapumui, mtu aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari lenye nafasi ya kulala. Anayechoka anapokewa na mwenzake. Kocha wa ndondo anaweza kujifunza hilo kwa mchana mmoja. Machela inatengenezwa na fundi seremala yeyote kwa miti miwili na turubai. Mbao zipo.

Na ukanda huu una kitu ambacho mikoa mingi haina: watu waliofundishwa. Mgodi wa Buzwagi ulipofunga, wafanyakazi wake hawakuhama wote. Wapo Kahama, wanauza vifaa vya ujenzi, wanaendesha bajaji, wanalima mpunga. Wapo waliopita kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kila mwaka kwa sababu mgodi uliwalazimisha. Bulyanhulu bado inachimba, Geita bado inachimba, na migodi hiyo hununua jezi na mipira ikiombwa. Mdhamini anapenda jezi kwa sababu ina sehemu ya kuandika jina lake. Hata machela ina sehemu hiyo, na ni kubwa zaidi.

Klabu zenyewe zimepanda na kushuka. Mbao ilishuka Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikiangukia kwenye mchujo mbele ya Ihefu. Mwadui ikafuata mwaka mmoja baadaye. Geita Gold ililipa adhabu yake, ikapanda kihalali, na msimu wa 2021/22 straika wake George Mpole akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa moja. Ikaenda mpaka michuano ya Afrika. Mwaka 2024 nayo ikashuka. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ya Kaitaba sasa ana umri wa kucheza U-20, na timu alizokua akizisikia redioni zote tatu zimetoka kwenye ramani ya Ligi Kuu.

Jioni kule njia ya Buzwagi mechi haiishi kwa filimbi, inaisha kwa giza. Dakika za mwisho ndizo mbaya zaidi, mpira hauonekani vizuri na kila mtu anataka la kuondokea. Yule dogo mwembamba anapigwa kumbo, anaruka, anaanguka chali. Mashabiki wanacheka kidogo, halafu wananyamaza, wanasubiri. Mara nyingi sana anainuka mwenyewe, anajikung'uta vumbi na kudai faulo.